Nusu ya Uso na Mkono Mmoja

Tarehe 14 Juni, siku ya Ijumaa, nilipoteza upande wa kushoto wa uso wangu. Niligundua nikiwa jikoni kwetu Kinoo, nje kidogo ya Nairobi, saa kumi na moja na nusu asubuhi. Nilikunywa chai, chai ikanitoka kwenye pembe ya mdomo ikalowesha blauzi. Nikafuta. Nikanywa tena, ikatoka tena. Nilidhani kikombe kimepasuka.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeamka leo akaona chai ikimtoka hivyo. Mimi si daktari. Nilisoma mpaka darasa la nane, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikipika chai katika ofisi ya mawakili mjini. Sitaeleza ugonjwa huu unatoka wapi. Nitaeleza ulivyokuwa, pamoja na yale ninayoyaonea aibu, kwa sababu mgonjwa hasaidiwi na hadithi iliyopigwa pasi.

Aliyeona kwanza ni binti yangu, Mwende. Alitoka chumbani akitafuta soksi, akanitazama, akaacha kutafuta.

"Mwaitu, cheka." Mwaitu ni mama kwa Kikamba chetu. Huniita hivyo anapoogopa.

"Nicheke nini saa hizi?"

"Cheka tu kidogo."

Nikacheka. Akajishika mdomo wake mwenyewe.

"Twende hospitali," akasema. "Isiwe kama ya baba."

Haikuwa kama ya baba. Daktari aliniambia niinue nyusi, nifumbe macho, ninyooshe mikono yote miwili. Akasema si kiharusi, ni mshipa wa uso uliovimba. Wengi hupona, wengine huchukua miezi, wengine hawarudi sawasawa. Akanipa vidonge vya siku kumi, dawa ya matone ya jicho, na plasta ya kufungia jicho la kushoto wakati wa kulala, kwa sababu halikuweza kujifunga lenyewe. Tulitoka pale mimi na Mwende tukishukuru Mungu. Tulidhani tumepona kwa bahati.

Sasa nieleze kuhusu mume wangu, maana ugonjwa huu ulinipiga mimi lakini jeraha lilikuwa kwake.

Jina lake Kioko, lakini kila mtu alimwita Baba Mwende. Alikuwa amepigwa na kiharusi miaka miwili kabla. Kilimchukua mkono wa kulia, nusu ya mguu, upande wa kulia wa mdomo, na maneno yote. Si kwamba alinyamaza tu. Hata maneno yetu sisi hayakumfikia. Alitusikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani kupitia ukutani: unajua kama ni habari au ni nyimbo, lakini hujui wanasema nini.

Tukaishi kwa uso na mikono. Kwake halikuwa jambo geni. Kabla ya kuugua alikuwa mpiga ishara kwenye mijengo ya ghorofa Kileleshwa. Ndiye mtu anayesimama chini akimwelekeza mwendesha kreni kwa mikono, kwa sababu yule wa juu haoni mzigo unapotua wala hasikii anayepiga kelele. Kidole kikizunguka juu, inua. Kikizunguka kikielekea chini, shusha polepole. Viganja viwili vikishikana mbele ya kifua, shikilia, mtu asiguse chochote. Na mzigo ukishatua sawa, mikono inafunguliwa pande zote mbili: kazi imekwisha. Mwendesha kreni haondoki mpaka aione hiyo ya mwisho. Baba Mwende alizifanya ishara hizo hata mezani, enzi zile, Mwende akipakua ugali. Shusha. Shusha. Shikilia.

Otieno, aliyekuwa akiendesha kreni hiyo, aliendelea kuja kumwona kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Siku moja aliniambia, "Mimi kule juu nilikuwa nasoma uso wake kwanza. Mkono unaweza sema shusha, na uso unasema bado. Mimi naamini uso."

Basi hivyo ndivyo tulivyoishi. Nyusi juu, ndiyo. Midomo ikielekezwa mlangoni, nani amekuja? Na kila jioni nikirudi kutoka mjini aligeuza kiganja cha kushoto kikatazama juu, kama mtu anayeuliza, vipi huko? Mimi niliinua nyusi na kutabasamu, naye akajua siku imepita sawa, akakubali kula. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndoa yetu, na ilitutosha.

Jioni ya ile Ijumaa aligeuza kiganja. Nikatabasamu.

Alichokiona nilikuja kukiona baadaye kwenye kioo. Upande wa kulia wa mdomo ulipanda, wa kushoto ukabaki ukining'inia, na jicho la kushoto likakodoa bila kupepesa. Ni uso ambao mwanamke humpa mtu anayemdharau mbele za watu. Tunasema amembeulia midomo. Baba Mwende alishusha mkono. Nikaongeza tabasamu, likazidi kuwa baya. Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, niko sawa, lakini kichwa kinachoitikia kikiwa na uso kama ule ni kama mtu anayesema, "Sawa, nimekusikia, niache." Nilipomletea uji, alifunga mdomo.

Tulijaribu kumweleza. Nilijigusa shavu, nikaonyesha kwa vidole kwamba limelala. Mwende akaeleza kwa maneno na kwa mikono mpaka machozi yakamlenga. Baba Mwende alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama yeye tena. Nadhani alichoelewa ni kwamba kuna ugomvi ndani ya nyumba na yeye ndiye chanzo.

Jumatatu nilirudi kazini. Kabla ya saa nne mkubwa wangu alikuja jikoni akafunga mlango taratibu. "Mama Mwende, wageni wanadhani umewanunia. Chai itabebwa na mwingine kwa sasa. Wewe pika tu." Hakusema kwa ubaya. Saa ya chakula niliteremka nikanunua barakoa, zile za samawati, pakiti nzima.

Nilivaa ofisini, nikavaa barabarani, nikavaa nyumbani. Nyumbani nilivaa kwa sababu mate yalinitoka bila habari, na kwa sababu nilifikiri hivi: ikiwa uso wangu unamtukana, afadhali asiuone kabisa. Nilidhani ni huruma. Nilisahau wodi. Mume wangu alipolazwa na kiharusi, watu wote waliomkaribia walikuwa wamefunika midomo, na kwa wiki mbili walimfunga mkono wa kushoto kitandani kwa bandeji ili asing'oe mpira wa puani. Sasa mkewe alikuwa anarudi jioni akiwa amefunika mdomo, anamshika ule mkono amnawishe. Aliuvuta. Akageukia ukutani.

Asubuhi Mwende alimlisha kabla ya kwenda kazini, akala kidogo. Mchana jirani alimchungulia, akala kidogo. Jioni zilikuwa zangu, na jioni hakula.

Julai ilikuja na baridi yake. Upepo wa Kinoo ukinipuliza jicho la kushoto, machozi yalishuka bila sababu, na kila niliyekutana naye alinipa pole ya msiba. Kila Jumanne niliruhusiwa kutoka kazini saa tano niende mazoezi ya viungo. Kwenye benchi la kungojea hatukuitwa majina. "Mgongo ingia. Goti subiri. Uso uko wapi?" Uso ni mimi. Pembeni yangu kila mara aliketi mzee mmoja mwenye kola ngumu ya shingo. Jumanne ya tatu hivi akaniambia huku akitazama mbele, maana hakuweza kutazama kwingine:

"Afadhali wewe, mama. Mimi bibi yangu akiniita siwezi kugeuka. Anaambia watu nimekuwa na madharau."

"Na wewe unamwambia nini?"

"Nazunguka mwili wote kama tingatinga. Nikifika, ameshaenda."

Nilicheka, na barakoa ilikuwa imeshuka kidevuni. Alikuwa mtu wa kwanza tangu Juni kuniona nikicheka asiangalie pembeni, ingawa pengine ni ile kola.

Aliyenifanyisha mazoezi aliitwa Dorcas, msichana mwenye mikono ya moto. Alinipa kioo kidogo. Inua nyusi. Kunja pua. Jaza hewa mashavuni. Sema iii, sema uuu. Nilimwambia nayajua haya, niliyafundishwa nikamfanyishe mume wangu alipotoka wodini. Mimi ndiye niliyemshikia kioo. "Basi wewe ni mwalimu," alisema. Sikulifikiria zaidi ya hapo. Nyumbani nilifanyia mazoezi bafuni, mlango nimefunga komeo, kama mtu anayekula chakula cha wizi.

Mwisho wa Agosti alikuja Syokau, dada ya mume wangu, kutoka kwao Mwala. Kwenye simu nilikuwa nimemwambia tu kwamba nina shida ndogo ya uso. Alimkuta kakake suruali imefungwa kwa kamba. Alimgusa mbavu moja moja juu ya shati. Kisha akanitazama, nami nikavua barakoa nimwonyeshe, nikajaribu kutabasamu nimtulize. Hilo nalo lilikuwa kosa.

"Sasa unabeua nani?"

"Syokau, ni ugonjwa. Uulize Mwende."

"Nimeona ni ugonjwa. Siko kipofu. Lakini ugonjwa uko kwa uso wako, na anayekonda ni ndugu yangu." Akamfunga kakake ile kamba vizuri. "Hakutaki, wifi. Uso wako unamfukuza. Jumamosi ya tatu ya Septemba nakuja na gari. Akianza kukula kabla ya hapo, nitarudi na gari tupu na nitakuomba msamaha. Asipokula, ataenda kwao."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasema alichokiona.

Nimeahidi kusema yenye aibu. Siku mbili baadaye, nikiosha vikombe ofisini, nilijikuta nikipanga akilini nguo atakazobeba, sweta lipi, blanketi lipi, na moyo wangu ukawa mwepesi. Nilikuwa nimechoka. Miaka miwili ya kuinua, kuosha, kulisha, na sasa kunyimwa hata mdomo ufunguke. Uso wangu ulimwambia uongo kuanzia ile Ijumaa, lakini kadiri siku zilivyokwenda, uongo huo ulipata mahali pa kukaa ndani yangu. Labda aliyeusoma uso huo vibaya zaidi hakuwa yeye, ni mimi. Nilisimama pale, bomba likimwaga maji sinkini, nikajua kwamba nikimwacha aende hivi, ataondoka akiamini kwamba nilimdharau, na hakuna neno litakalomfikia huko kumwambia vinginevyo.

Jumanne iliyofuata Dorcas aliona alama za kamba za barakoa nyuma ya masikio yangu, zimekuwa vidonda.

"Unavaa siku yote?"

"Siku yote."

"Hata kwa nyumba?"

"Hata kwa nyumba."

"Na mzee wako anakusoma wapi?"

Nilitembea kutoka hospitali mpaka ofisini nikifikiria wodi, bandeji, na ule mkono aliouvuta. Ilinichukua miezi mitatu kuona kitu ambacho mtoto angekiona.

Sikufanya lolote siku hiyo, wala iliyofuata. Niliogopa. Jumamosi ya tatu ya Septemba ndipo nilipoishiwa na siku za kuogopa. Mwende alikuwa amekwisha kukunja nguo za baba yake kwenye begi. Saa mbili asubuhi niliburuta stuli nikaketi mbele ya kiti chake, magoti yakagusana. Akatazama dirishani. Nikavua barakoa nikaiweka sakafuni. Nikatoa kile kioo kidogo, nikamwekea mkononi, mkono wake wa kushoto, ili anishikie.

Alikishika. Sijui kama alielewa au ni mkono tu uliokumbuka.

Nikainua nyusi. Moja ikapanda, moja ikalala. Nikakunja pua. Nikasema iii. Nikasema uuu. Sikutabasamu hata kidogo, nilimpa tu uso ulivyo. Nilipojaza hewa mashavuni, hewa ilitoroka upande wa kushoto ikapiga mlio mrefu, mlio ambao mtu huomba radhi akiutoa mbele za wakwe.

Baba Mwende akageuza kichwa.

Nikarudia. Ikalia tena, ndefu zaidi. Nikaona nyusi zake zinapanda, zote mbili, polepole. Kisha akajaza mashavu yake mwenyewe. Yake ilitorokea kulia. Ikalia. Mwende, aliyekuwa amesimama mlangoni na begi, alikaa chini sakafuni akacheka mpaka akalia.

Mume wangu aliweka kioo mapajani. Akanyoosha mkono akanigusa shavu la kushoto, akalisukuma juu kwa kidole gumba, likashuka. Akagusa lake la kulia, akalisukuma, likashuka. Akarudi kwangu. Alifanya hivyo mara nyingi, bila haraka, kama fundi anayelinganisha mbao mbili. Nilimwachia. Mate yalinitoka, akayafuta kwa mgongo wa kiganja.

Syokau alifika saa nne kasoro. Alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi, akatuona tumekaa hivyo.

"Amekula?"

"Bado," nikasema. Ilikuwa kweli.

"Basi twende, jua lisitupate njiani." Akaja kumshika kwapa amwinue.

Baba Mwende alivuta mkono wake wa kushoto kutoka kwa dadake. Nilidhani atampiga. Aliutafuta mkono wangu wa kulia, akauleta mbele ya kifua chake, akakishika kiganja changu kwa nguvu, kiganja kwa kiganja. Ishara ile inataka mikono miwili. Yeye alikuwa na mmoja. Akatumia na wangu.

"Anafanya nini?" Syokau akaniuliza.

"Anasema shikilia," Mwende akajibu. "Mtu asiguse chochote."

Syokau akatia funguo za gari mfukoni. Kisha akaenda jikoni akarudi na bakuli la uji, akanipa mimi. Baba Mwende alikula wote, mkono wangu mmoja ukilisha na mwingine akiwa bado ameushika. Dada yake aliondoka na gari tupu. Mlangoni alisema, "Nisamehe, wifi," akasema tena kwa Kikamba, ndipo nikajua yametoka moyoni.

Wewe uliyeamka leo na uso uliolala, utaambiwa mengi kuhusu mitishamba, upepo na maombi. Mimi nina moja tu. Usiwafiche uso wale wanaoishi kwa kukusoma. Uonyeshe ulivyo, na mate yake. Watakusoma vibaya siku ya kwanza. Lakini ukifunika, hawana pa kuanzia kurekebisha.

Oktoba miti ya jakaranda mjini ilipochanua, jicho langu lilianza kujifunga. Novemba, mvua ikinyesha, niliweza kunywa chai bila leso. Kila jioni tulifanya mazoezi pamoja, mimi na yeye, kioo kimoja. Hatukupona kwa kiwango kimoja. Akigeuza kiganja kuuliza vipi huko, niliinua nyusi moja, naye aliikubali kama zote mbili. Alinenepa akaacha kufunga suruali kwa kamba. Na bado, niseme ukweli, zilikuwepo siku nilizochoka. Aliziona. Siku hizo alinywa uji bila kuniuliza kitu.

Alifariki tarehe 19 Januari, Jumapili asubuhi, akiwa kitini. Kiharusi cha pili. Nilikuwa nimekwenda kuchukua maji ya kumnawisha mikono. Niliporudi na jagi, mkono wa kushoto ulikuwa mapajani, kiganja kikitazama juu.

Tulimzika Mwala Jumamosi iliyofuata. Nyusi yangu ya kushoto haikuwa imerudi, na mpaka leo haijarudi. Nikilia, mdomo huvutwa kulia ukaonekana kama unacheka. Tulipopanga foleni kumuaga, nilisikia mwanamke nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake, "Ona huyo mjane, anacheka." Syokau alikuwa kulia kwangu. Alisikia. Alizunguka nyuma yangu akasimama kushoto, karibu sana, akafunika upande ule kwa bega lake, akawa ananifuta jicho.

Kaburini wanaume wanne walishika kamba. Otieno, aliyetoka Nairobi alfajiri, alishika upande wa miguu. Walianza vizuri, kisha kamba ya kichwani ikateleza kwenye mawe na sanduku likainama. "Legeza!" "Hapana, vuta!" "Wewe wa huko ngoja!" Kila mtu alikuwa na amri yake, na sanduku likazidi kuinama.

Mikono yangu ilikuwa imeshikana mbele ya kifua. Sikumbuki nikiiweka pale.

Otieno akaniona. "Shikilieni," akasema, bila kupaza sauti. "Kimya. Hakuna kusonga. Mtazameni mama."

Wakanyamaza, wote wanne, wakanitazama. Nikangoja mpaka upande wa kichwa ulipoinuliwa ukalingana. Nikatoa kidole cha mkono wa kulia, nikakizungusha kikielekea chini. Polepole. Otieno akatoa kamba kwa kipimo cha kidole changu, na wengine wakamfuata. Nilisikia sanduku likigusa udongo kotekote kwa mara moja.

Kamba zikalegea, lakini Otieno hakuiachia yake. Alibaki ameinama pale ukingoni, akinitazama, akingoja.

Nikafungua mikono.